Kwanza Nioneshe Picha Iliyokushinda

Msimu wa harusi ukikaribia, simu yangu huanza kuita kwa swali lilelile. "Shikamoo, kaka. Nina milioni mbili na nusu. Ninunue kamera gani?" Naitikia marahaba, halafu nauliza na mimi: nioneshe picha iliyokushinda. Hapo wengi hunyamaza. Kamera wanayoitaka wanaijua mpaka rangi ya mkanda wake, wameitazama YouTube usiku kucha. Picha waliyoikosa wao wenyewe, kazini kwao, hawana hata moja ya kunitumia.

Siulizi ili kumkatisha mtu tamaa. Nauliza kwa sababu mimi sikuulizwa. Mwaka 2013 nilikuwa na kamera ndogo ya megapikseli 18 na lenzi ya 18-55, ile inayokuja nayo ndani ya boksi. Mchana ilinitendea haki. Usiku, ukumbini, maharusi wakianza kuingia wakicheza, picha zilitoka na chenga, na watu wameacha mikia kama vimondo. Nikaamua kwamba kamera ndiyo mbaya. Nikachukua mkopo, wa aina ile ambayo leo mtaani inaitwa kausha damu, nikanunua bodi iliyotumika yenye sensa kubwa, kama waliyokuwa nayo wapiga picha wa harusi za wakubwa. Nilipofika nyumbani lenzi yangu ya 18-55 ikakataa kufunga, maana ilitengenezwa kwa ajili ya sensa ndogo tu. Pesa imekwisha. Nikaokoteza zumu ya zamani ya enzi za filamu, ambayo ukiivuta mpaka mwisho inaishia f/5.6, nikaenda nayo harusini kifua mbele. Maharusi wakaingia wakicheza, na mikia yao ikawa palepale. Deni nililimaliza baada ya miezi 14.

Leo naweza kukupigia hesabu ambayo ingeniokoa. Sensa ya kamera ndogo za Canon ina upana wa kama milimita 22 na kimo cha 15. Ile kubwa ni 36 kwa 24. Eneo la kubwa ni kama mara 2.6 ya ndogo, na hiyo ndiyo faida niliyoikopea: mara mbili na nusu ya mwanga, tena endapo lenzi zimefunguka sawa. Sasa chukua lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo Canon, Nikon na Sony wote wanayo na kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi zao za bei ya chini kabisa. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaoingia huongezeka karibu mara 10. Mahali ulipolazimika kupiga kwa kasi ya 1/15 ya sekunde, ambapo hata msoma risala aliyesimama wima anaonekana anatetemeka, sasa unapiga kwa 1/125 na chenji inabaki. Nilikopa kwa ajili ya mara mbili na nusu, na zile mara kumi zilikuwa zimekaa ndani ya kabati la kioo la duka hilohilo, kwa sehemu ndogo sana ya bei.

Hamsini hiyo ina masharti yake, nisije nikakuuzia ndoto nyingine. Kwenye kamera ya sensa ndogo inabana kama lenzi ya 75 au 80, kwa hiyo sebule ya Sinza yenye makochi saba haitaingia. Na ukiifungua mpaka f/1.8 kisha ukapiga wazee waliosimama mistari mitatu, mstari mmoja utakuwa safi na miwili itafifia, na mzee aliyefifia hatasahau. Kwa kundi, rudi f/4 au f/5.6 na utafute mwanga mwingine.

Daftari la makosa

Kabla ya kitu chochote cha umeme, nunua daftari. Kwa kazi 10 zijazo, ukishamwaga picha kwenye kompyuta, usianze na zile nzuri za kupandisha Instagram. Tafuta zilizoharibika, na kumbuka zile ambazo hukuzipiga kabisa kwa sababu kitu fulani kilikuzuia. Kila moja mpe mstari: saa, mahali, ulitaka nini, kimetokea nini, na zile namba tatu za kasi ya shata, f na ISO, ambazo zimo ndani ya faili la picha yenyewe. Mistari ya kawaida huwa hivi:

Saa 2 usiku, maharusi wanaingia, miguu na mikono imevutika. 1/20, f/5.6, ISO 3200.
Saa 4 usiku, keki. Shela imekaa vizuri, uso wa bibi harusi umezama gizani.
Saa 9 alasiri, kanisani, pete. Betri imekata.
Picha ya ukoo sebuleni, shangazi wawili wamebaki nje.

Mtu aliye dukani na pesa mfukoni angetibu yote manne kwa kamera mpya. Yatazame moja moja uone.

La kwanza ni lenzi au taa, hesabu yake tumeshaipiga. La pili halinunuliwi. Kamera inapopima mwanga haijui kama mbele yake kuna bibi harusi. Inajua kuna weupe mwingi, na kazi iliyofundishwa ni kuuvuta weupe huo uelekee kijivu. Shela na gauni vikijaa kwenye fremu, inapunguza mwanga, na uso wa mwenzetu mwenye ngozi nyeusi ndio unaolipia. Dawa ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Panda hatua moja, tazama kioo, panda tena theluthi ikibidi, na upige faili la RAW ili ukikosea kidogo uweze kurudisha nyumbani. Kamera mpya nayo inaweza kukufanyia hivyohivyo usipojua kitufe hiki.

La tatu ni betri ya akiba. Naona aibu kuandika jambo dogo namna hii, lakini katika madaftari ya vijana niliyowahi kuyasoma, betri, kadi iliyojaa na betri za flashi zilizochoka hutokea mara nyingi kuliko upungufu wowote wa kamera. Ukiwa na pesa kidogo, anzia hapo na usiulize mtu. La nne lina majibu mawili. Lenzi pana ni jibu moja, na kuwatoa watu nje chini ya mwembe ni jibu jingine. Mwembe ni bure, na kivuli chake kinawapendeza watu kuliko taa ya sebuleni.

Mstari uliotokea mara moja katika kazi 10, uache. Uliotokea kwenye kazi tano au sita ndio wa kuufuatilia. Hata huo usiukimbize dukani kabla ya kupima jambo moja: kosa ni la mkono au la kifaa? Fungua picha, ikuze mpaka uone kope. Kama ukuta wa nyuma uko safi na mtu ndiye aliyevutika, alisogea na shata yako ilikuwa ya polepole. Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, mkono wako ndio uliotikisika. Kama sikio au pazia la nyuma liko safi kabisa na macho yamefifia, fokasi ilikosea, na hapo kwanza angalia kama uliiachia kamera ichague yenyewe pa kufokasi. Njia nyingine, ambayo inauma kidogo, ni kumpa kamera yako mpiga picha unayemkubali apige dakika 10 kwenye ukumbi uleule. Akitoa picha nzuri, umeokoa milioni mbili. Akirudi akitikisa kichwa, tayari una shahidi.

Kuhusu megapikseli

Hapa tupite haraka, kwa sababu ndipo wauzaji wanapopenda tukae. Picha ya A4 iliyochapwa kwa ubora wa pikseli 300 kwa inchi inahitaji megapikseli 8.7. A3 inahitaji 17.4. Ukurasa wa albamu wa sentimita 30 kwa 30 unahitaji kama 12 na nusu. Picha ya wima ya Instagram ya pikseli 1080 kwa 1350 haifiki hata megapikseli moja na nusu, na WhatsApp nayo huibana picha kabla haijamfikia shangazi. Ukitoka megapikseli 18 kwenda 24, upana wa picha unaoweza kuuchapa kwa ubora uleule unaongezeka kwa asilimia 15 tu, kwa sababu pikseli zinagawanywa pande mbili. Hakuna mteja atakayeiona tofauti hiyo ukutani kwake. Atakayeiona ni diski yako, maana kamera ya megapikseli 45 inaweza kukupa mafaili ya RAW ya kama MB 50 kila moja. Piga 1,500 kwenye harusi moja, umejaza GB 75, na kompyuta uliyonayo itaanza kupumua kama mzee anayepanda ngazi. Bei ya hiyo kompyuta haikuandikwa kwenye boksi la kamera.

Taa

Kama ningepewa nafasi ya kumfundisha mpiga picha kitu kimoja tu kuhusu ununuzi, ingekuwa hiki: baada ya lenzi moja inayofunguka vizuri, pesa iende kwenye mwanga. Sijaona kitu kinachobadilisha kazi ya mtu kwa gharama ndogo namna hiyo, na sijaona kitu kinachodharauliwa zaidi. Flashi haina sifa kijiweni. Hakuna anayekuuliza, "bro, hiyo flashi ni ngapi?"

Mpiga picha wa Mali, Seydou Keïta, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Alikuwa na kamera kubwa ya mbao ya kupigia picha za sentimita 13 kwa 18, ua wa nyumba, mwanga wa jua, na kitambaa cha nyuma ambacho mwanzoni kilikuwa shuka ya kitandani kwake. Filamu ilikuwa ghali, hivyo kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Picha hizo leo zimo katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani, na vitambaa vile vya nyuma, alivyovibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, ndivyo vinavyosaidia kujua kila picha ni ya lini. Alichokuwa nacho kwa wingi ni kuujua mwanga wa ua wake, saa gani unaingia na unamwangukia mtu upande gani.

Sisi ukumbini hatuna jua. Tuna taa za LED za zambarau na nyekundu, MC anayependa moshi, na dari iliyofunikwa vitambaa. Kila mafunzo ya mtandaoni yatakwambia urushe flashi darini ili mwanga urudi laini. Sawa, kama dari ni nyeupe na iko karibu. Ukiirusha kwenye kitambaa cha bluu, bwana harusi anatoka kama samaki wa barafu. Ukiirusha kwenye dari ya mita nane, hairudi kitu cha maana, kwa sababu kila umbali unapokuwa mara mbili mwanga unabaki robo. Kwa hiyo iondoe flashi juu ya kamera. Flashi mbili za kawaida, hata zile unazopanga nguvu yake kwa mkono, kifaa cha kuziwasha kutoka mbali na stendi mbili pembeni mwa uwanja wa kuchezea: hapo umeweka jua lako mwenyewe. Funga stendi na mfuko wa mchanga, kwa sababu watoto hukimbia na wajomba hucheza. Niliponunua vifaa hivi, vyote kwa pamoja havikufika robo ya bei ya ile bodi yangu ya mkopo, na ule mstari wa saa 2 usiku ukatoweka daftarini.

Bodi, ikifika zamu yake

Usidhani nasema kamera isibadilishwe. Inabadilishwa, na sababu nzuri zipo, ila ni chache na zinaandikika.

Kubwa kuliko zote ni nafasi mbili za kadi. Niliwahi kupiga ndoa msikitini na kadi ikafa njiani kurudi. Haikuwa na dalili yoyote, ilikubali picha zote mpaka ya mwisho. Nikampigia simu baba wa bibi harusi mwenyewe. Sitaieleza simu ile hapa. Kamera inayoandika kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja ina thamani kwa mtu anayelipwa kwa tukio lisilorudiwa, na kama yako ina nafasi moja na unaishi kwa kazi hii, nakubali, anza kuweka akiba. Kwa sasa badilisha kadi mara kwa mara, ili ikifa moja isife na harusi nzima. Na kadi nazo zichunguze. Zipo bandia zinazojiandika GB 128 na uwezo wake ni sehemu ndogo tu ya hizo. Ukinunua kadi, ijaze yote kwa video, kisha icheze yote kwenye kompyuta kabla hujaenda nayo kazini.

Sababu ya pili ni fokasi. Kamera za miaka ya karibuni zisizo na kioo ndani hutafuta jicho la mtu na kulishikilia hata akitembea kwenye mwanga hafifu. Kama daftari lako limejaa macho yaliyofifia, na ulishajifunza kuchagua pa kufokasi, hapo bodi ndiyo inayokuangusha. Ya tatu ni video. Canon 5D Mark II ya mwaka 2008, iliyofanya wengi wetu tuanze video, ilikuwa ikisimama yenyewe baada ya kama dakika 12, na kamera nyingi zilizoifuata ziliishia dakika 29 na sekunde 59. Kikomo hicho cha pili kilihusu ushuru: Ulaya ilikuwa ikiihesabu kamera inayorekodi dakika 30 kuwa ya video, na ushuru wake ukawa mwingine. Mchungaji hajui habari za ushuru wa Ulaya. Anahubiri dakika 50. Kama unapata kazi za ibada nzima au mihadhara, kifaa kisichosimama katikati ni hitaji halali.

Kuhusu chenga, subiri kidogo. Tangu 2023 Lightroom ina uwezo wa kusafisha chenga kwenye faili la RAW kwa akili unde, na nimeona faili la kamera ya mwaka 2011 likifufuka. Safisha kwanza picha zako tano mbaya kabisa, halafu uone kama bado unaichukia kamera yako.

Tamaa pia ipo. Kuna siku mtu anataka kamera kwa sababu ni nzuri, ina mlio mtamu, na inampa hamu ya kutoka nyumbani Jumapili asubuhi kwenda kupiga picha Feri. Sina ugomvi na jambo hilo, nami ninayo moja ya namna hiyo. Ila itoe kwenye pesa ya starehe, pale unapotoa ya mpira na ya mishikaki. Usiiandike kwenye hesabu za biashara wala usiikopee.

Kodi, hesabu, ndipo ununue

Kifaa kilichopita mtihani wa daftari bado kina mtihani wa pesa. Tuseme lenzi inauzwa shilingi 1,500,000 na kuikodi kwa mwenzako ni 50,000 kwa siku. Bei ya kuinunua ni sawa na siku 30 za kuikodi. Rudi daftarini: je, unaihitaji kwenye kazi ngapi kati ya 10? Kama ni mbili, na unapata kazi tatu kwa mwezi, utafikisha siku 30 baada ya kazi 150, ambayo ni miaka minne na zaidi. Kodi, na gharama yake iingize kwenye bei unayompa mteja. Kama ni nane kati ya 10, utafika baada ya kazi 38 hivi, mwaka mmoja na kidogo. Nunua. Hesabu hii inaipendelea lenzi kuliko bodi, na ni sawa iipendelee: lenzi nzuri ukiitunza utaiuza kwa bei ya heshima, lakini bodi ya jana huanguka bei siku mpya inapotangazwa.

Kukodi kuna faida nyingine. Binti mmoja wa Morogoro alikuwa ameshapanga kununua 70-200 ya f/2.8, ile lenzi nyeupe nzito. Nikamwomba aikodi kwa kazi tatu kwanza. Baada ya ya tatu alinipigia: "Kaka, bega." Kumbe kumbi nyingi anazofanyia kazi ni fupi, na muda wote alikuwa amebanwa ukutani akitafuta nafasi ya kurudi nyuma. Alinunua lenzi ya 85, akabaki na pesa ya flashi.

Kamati ya harusi ikitaka picha za juu, usikimbilie kununua drone kwa sababu ya mteja mmoja. Tanzania drone ina taratibu za vibali vya mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, Kenya ni KCAA, na chombo hicho bila karatasi ni kesi inayoruka. Mkodi mwenye chombo na vibali vyake, muweke kwenye bajeti.

Pesa yenyewe itoke wapi? Upatu wa wapiga picha watano au sita mnaofahamiana ni bora kuliko mkopo wowote niliowahi kusaini, na una faida kwamba wanakikundi watakuuliza unanunua nini na kwa nini. Ukikopa, marejesho yalingane na kazi ambazo tayari zimelipiwa kishika nafasi. Usiyapange kwa kazi unazozitarajia, maana Ramadhani na Kwaresima huja kila mwaka na kalenda ya harusi hupungua.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Wengi wetu tutanunua kilichotumika, na kwa sasa huo ni uamuzi wa busara kuliko ulivyowahi kuwa. Mwaka 2018 Canon na Nikon walileta kamera za sensa kubwa zisizo na kioo, zenye midomo mipya ya lenzi, na watu wenye pesa wakaanza kuhama. Vilivyobaki nyuma, kamera za kioo na lenzi zake, vimeshuka bei na bado vinapiga harusi kama vilivyopiga jana. Lenzi za Canon za EF, ambazo mdomo wake ni wa tangu 1987, zinafunga kwenye kamera mpya za RF kwa adapta na kufokasi vizuri, hivyo ukinunua leo hujajifungia njia. Kwa Nikon kuwa mwangalifu: lenzi za zamani zisizo na mota ndani zinaingia kwenye adapta ya FTZ lakini hazitafokasi zenyewe.

Nenda mchana, na nenda na kadi yako, kompyuta na tochi ya simu. Uliza shata imepiga mara ngapi, kisha usiamini jibu. Piga picha na uisome namba hiyo kwa programu inapowezekana. Canon 5D Mark III na Nikon D750 zilipimwa kwa mipigo 150,000. Anayepiga 1,500 kwa harusi na harusi 40 kwa mwaka anamaliza 60,000 kila mwaka, kwa hiyo kamera ya miaka mitatu ya mpiga harusi imechoka kuliko ya miaka tisa ya baba aliyepiga birthday za wanawe. Namba hiyo si tarehe ya kufa, na shata inabadilishwa, lakini ulizia gharama ya fundi kabla ya kukubali bei.

Lenzi imulike kwa tochi kutoka upande wa nyuma huku ukitazama mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, na ukanda wetu wa pwani unaipenda. Vumbi dogo halina neno. Funika lenzi, piga picha ya giza ya sekunde kadhaa, uikuze utafute vidoa vya rangi. Jaribu kila kitufe, kila mlango, nafasi zote za kadi, na sehemu ya flashi kwa flashi halisi. Fungua menyu: kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani tu, na muuzaji atakwambia lugha inabadilishwa. Mwambie aibadilishe hapo mbele yako. Piga picha namba ya mashine, ilinganishe na ya boksi kama lipo, na udai risiti, ya EFD kama ni dukani. Anayekataa kuandika jina lake kwenye karatasi ya mauziano anakueleza kamera imetoka wapi. Na usinunue asubuhi ya harusi. Kifaa kipya kwako kinahitaji wiki mbili za kupiga majirani, kuku na bodaboda kabla hakijakabidhiwa mtu aliyelipia.

Ukishafika nacho nyumbani, hasa kama unaishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, kiweke kwenye ndoo ya plastiki inayofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika jeli, na uvibadilishe au uvikaushe kila vinaposhiba unyevu. Toa kamera nje mara kwa mara ipigwe na hewa. Ule mfuko wa ngozi uliopewa bure dukani hunywa unyevu na kulea fangasi. Utumie kuwekea misumari.